Feni ya prosesa kwa seva ya nyumbani: pima kabla hujatuma pesa Kariakoo

Ukimpigia muuzaji wa Kariakoo ukamwambia unataka feni ya prosesa ya seva yako ya nyumbani, ile kompyuta inayowaka saa 24 kuhifadhi mafaili na kurekodi kamera, atakuuliza swali moja tu: Intel au AMD? Ukimjibu atakutajia bei, utatuma pesa kwa simu, na kesho yake kifurushi kitakuwa stendi ya mabasi Mtwara. Tatizo linaanzia hapo, kwa sababu jibu la "Intel" halimwambii chochote cha maana. Chini ya jina hilo kuna vipimo kadhaa vya matundu ambavyo haviingiliani, na bado hamjagusa kimo cha keisi wala wati za prosesa.

Kwa anayeishi Dar hilo ni kosa la nusu siku: anapanda daladala, anarudi dukani, anabadilisha. Kwa aliyeko Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea ni gharama ya kifurushi kwenda na kurudi, siku kadhaa za kusubiri, na muuzaji anayeanza kusema boksi likishafunguliwa mali hairudi. Mvua zikiikata barabara ya Kibiti hadi Lindi, kama ilivyotokea Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, hata siku za kusubiri huwezi kuzihesabu. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwanza. Kipimo kinafanyika sebuleni kwako kwa rula ya mwanafunzi na kijiti, dakika ishirini hazifiki.

Soketi: milimita tatu zinazoharibu kila kitu

Soketi ni kiti cha prosesa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na kuizunguka kuna matundu manne ya kufungia kipoza, yaani feni pamoja na rundo la chuma linalonyonya joto la prosesa. Umbali kati ya matundu hayo ndio unaoamua kama kipoza kitakaa au hakikai. Kwa Intel, soketi za LGA 1150, 1151, 1155, 1156 na 1200 zote zina mraba wa milimita 75 kwa 75, toka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani. Hii ni habari njema kwa anayejenga seva kwa mashine za zamani: kipoza kilichokuwa kwenye kizazi cha pili cha prosesa za Intel kinakaa sawasawa kwenye kizazi cha kumi.

LGA 1700, iliyokuja na kizazi cha 12 mwaka 2021, ilipanua mraba huo hadi 78 kwa 78. LGA 1851 ya mwaka 2024 imebaki na 78 hizo hizo. Milimita tatu zinaonekana kidogo, na pini za plastiki zinakubali kupindishwa, kwa hiyo fundi asiye na subira atazisukuma mpaka ziingie. Kipoza kitasimama, mashine itawaka, kila mtu atafurahi. Lakini pini zimekaa mshazari, ukingo mmoja wa kipoza umebana na mwingine umeinuka, na joto la prosesa linapanda mara tu kazi inapoanza. Isitoshe, prosesa ya LGA 1700 inakaa chini kidogo kuliko zile za kabla yake, kwa hiyo hata ukikutana na mazabodi iliyotobolewa matundu ya aina zote mbili, mabano ya zamani (vyuma vya kushikilia kipoza) hayaibani vya kutosha. Dai kipoza ambacho boksi lake limeandikwa LGA 1700, au mabano mapya ya mtengenezaji huyohuyo. Watengenezaji wengi wanayauza peke yake.

Kwa AMD mambo ni tulivu zaidi. AM4 ina mstatili wa milimita 54 kwa 90, na AM5 ya mwaka 2022 imefuata vipimo hivyo hivyo. Tofauti iko nyuma ya mazabodi. Kwenye AM4 bamba la nyuma linatoka ukifungua skrubu nne za mbele, na vipoza vingine vinakuja na bamba lao. Kwenye AM5 bamba limeshikana na soketi, halitoki. Kipoza kinachodai bamba lake mwenyewe hakikai AM5 hata kama matundu yanalingana. Mazabodi za zamani za AM3 na FM2 ni 48 kwa 96, familia nyingine kabisa.

Sasa namna ya kupima bila kukosea. Usijaribu kukisia katikati ya tundu kwa macho. Weka rula, soma kuanzia ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Kipimo hicho ni sawa na katikati hadi katikati, na ukingo unaonekana vizuri kuliko kitovu. Kama kipoza cha zamani bado kimefungwa, geuza mazabodi upime kwa nyuma.

Ukinunua mazabodi iliyotumika, mwombe muuzaji picha mbili: ya mbele na ya mgongoni. Mbele unatafuta jina la soketi, ambalo mara nyingi limeandikwa kwenye fremu ya chuma au plastiki ya soketi yenyewe. Mgongoni unatafuta bamba. Mazabodi nyingi za AM4 zilizotumika zinauzwa bila bamba la nyuma wala zile fremu mbili za plastiki, kwa sababu aliyezing'oa alikuwa na kipoza chake. Bila bamba skrubu hazina pa kushika, na kulipata bamba peke yake huku kusini ni shughuli. Ukiona mgongo mtupu, shusha bei au achana nayo.

Kuna wanaoagiza bodi za X99 za Kichina na prosesa za Xeon E5, kwa sababu zina kore nyingi kwa pesa kidogo. Soketi hiyo ni LGA 2011. Ya kawaida ni mraba wa 80 kwa 80, lakini bodi za seva halisi mara nyingi zina fremu nyembamba ya 56 kwa 94, na kipoza cha moja hakiingii kwa nyingine. Zote mbili zina nyuzi za skrubu ndani ya fremu ya soketi, kwa hiyo pini za plastiki za kusukuma hazina kazi hapo. Mwandikie muuzaji hivi: "LGA 2011, mraba, skrubu za chuma." Ukiandika "Xeon" peke yake atakuletea chochote.

Na tafadhali usidanganyike na ile hitisinki nzito ya shaba (rundo la mapezi, yaani bati nyembamba za kutolea joto) isiyo na feni inayotolewa kwenye seva za kampuni. Inavutia, ukiishika unahisi umepata mali. Ilitengenezwa kwa keisi nyembamba ya rafu yenye feni ndogo kali zinazosukuma hewa kwa nguvu kupita katikati ya mapezi yaliyobanana. Ukiiweka kwenye keisi ya kawaida yenye feni moja ya taratibu, hewa inaikwepa na prosesa inabaki na joto kali.

Kompyuta za ofisi za mtumba, zile Dell, HP na Lenovo ndogo ambazo wengi wanazigeuza seva, zina desturi zao. Nyingine skrubu za kipoza zinapita kwenye mazabodi zikafungwa moja kwa moja kwenye bati la keisi, na baadhi ya modeli za Dell zina plagi ya feni ya pini 5 badala ya 4. Kwa mashine hizo ushauri wangu ni mfupi: baki na kipoza chake, kisafishe, badilisha pesti (ile dawa nzito inayopakwa kati ya prosesa na kipoza), na kama feni imechoka tafuta feni ya modeli ileile. Kulazimisha kipoza kingine humo ni kujitafutia kazi.

Kimo: kijiti cha chelewa kinatosha

Kila kipoza kina kimo kinachoandikwa kwenye boksi, kuanzia pale kinapogusa prosesa hadi juu kabisa. Keisi nayo ina nafasi yake. Keisi mpya zinaandika: Fractal Design Node 304 inakubali hadi milimita 165, Jonsbo N2 inaishia 65. Shida ni keisi za mtumba, au zile zisizo na jina, ambazo karatasi yake ilipotea zamani.

Chukua chelewa moja ya ufagio wa mnazi, ile ngumu. Mashine ikiwa imezimwa na imechomolewa ukutani, toa kipoza cha zamani na futa pesti. Laza keisi chali, mazabodi ikitazama juu. Weka rula ndefu au ubao ulionyooka juu ya kingo za keisi, pale ambapo ubavu wake unafungwa. Simamisha chelewa wima juu ya bati la prosesa, taratibu bila kukandamiza, weka alama ya kucha pale inapokutana na ubao, kisha ikate na uipime. Hiyo ndiyo nafasi yako halisi. Ondoa milimita 4 au 5 kwa kipoza cha mnara, kile kirefu kinachosimama wima. Kama ni kipoza kifupi ambacho feni yake inatazama ubavu wa keisi, na ubavu huo hauna matundu, acha angalau milimita 15, la sivyo feni itazunguka bila hewa ya kuvuta.

Kama mazabodi bado haijafika na unayo keisi tupu, pima toka bati la kufungia mazabodi hadi ubavu, halafu toa milimita 16: sita na nusu za nguzo za kuinulia mazabodi, moja na nusu hivi ya mazabodi yenyewe, na karibu nane za soketi na prosesa. Tuseme umepata 172. Ukitoa 16 unabaki na 156. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina kimo cha 155, na kwenye karatasi inaonekana inaingia. Kwa nafasi ya milimita moja ubavu utagusa ncha za mirija inayopandisha joto kwenye mapezi, na keisi ya bati jepesi ikipata joto na kutikisika utasikia mlio usiku kucha. Hapo chagua Assassin X 120 SE yenye 148. Inapoza kidogo chini ya mwenzake, ila inakaa kwa amani.

Keisi za rafu kimo chake kinahesabiwa kwa U, na U moja ni milimita 44.45, na hicho ni kimo cha nje. Keisi ya 2U haitakubali mnara wowote wa kawaida. Tafuta kipoza kisichozidi 65 hivi. Noctua NH-L9i yenye 37 inaingia karibu kila mahali, lakini usiipe prosesa kubwa ukategemea muujiza.

RAM nazo zitazame. Za kawaida, zikiwemo nyingi za ECC (RAM za seva zinazojisahihisha makosa), zina kimo cha karibu milimita 31 na hazisumbui. Zile zenye mapambo ya bati zinafika 40 na zaidi, na feni ya mbele ya kipoza kipana itazikalia. Seva haina haja ya mapambo.

Wati, na jua la Mtwara

Boksi la prosesa likisema wati 65, yaani umeme inaokula na kuugeuza joto, usichukulie kwamba ndiyo mwisho wake. Core i5-12400 imeandikwa 65, lakini Intel wenyewe wanaeleza kwamba ikipandisha kasi inafika 117. i3-12100 ni 60 na inafika 89. Ryzen 5 5600G ya AMD ni 65 na kikomo chake cha kweli kwenye soketi ni 88. Xeon E5-2680 v4 ni 120. Chagua kipoza kwa namba ya juu, au punguza namba hiyo kwa makusudi.

Sasa jambo ambalo wapimaji wa Ulaya hawakuandikii. Kipoza cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachoweza ni kuweka tofauti fulani juu ya hewa inayokizunguka, na tofauti hiyo kwa wati zilezile haibadiliki sana. Wanaopima kwenye chumba cha nyuzi 22 wakapata 70, tofauti yao ni 48. Kipoza hichohicho, prosesa hiyohiyo, Shangani au Mikindani mchana wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, kitakupa 80. Ongeza joto la ndani ya keisi yenye diski nne zinazozunguka, uko 85 bila kosa lolote la fundi. Newala kule juu kwenye uwanda wana nafuu, pwani hatuna. Na nyumba ya bati bila dari ni mbaya kuliko hesabu hii.

Kwa hiyo ukisoma jedwali lolote la majaribio, ongeza nyuzi 10 kabla ya kulinganisha. Prosesa nyingi za Intel za LGA 1700 zinajipunguzia kasi zikifika 100, na 5600G inafanya hivyo kwenye 95. Kwa seva ya saa 24 ningependa kazi nzito zaidi isivuke 80 hadi 85 wakati wa kaskazi. Ikipita hapo prosesa haitakufa kesho, ila feni itapiga kelele mfululizo, na hewa hiyo ya moto ndiyo diski zako zitakayoioga.

Njia ya bei rahisi kuliko kununua kipoza kikubwa ni kupunguza moto wenyewe. Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa mashine inapoanza kuwaka), tafuta vikomo vya wati vinavyoitwa PL1 na PL2, viweke vyote 65. Kwenye Ryzen tafuta Eco Mode ya 45. Seva ya kuhifadhi mafaili, picha za familia na kurekodi kamera nne za ulinzi haitahisi tofauti, kwa sababu muda mwingi prosesa imelala. UPS yako, ile betri ya akiba, nayo itadumu dakika zaidi umeme ukikatika. Ukishafanya hivyo, mnara mmoja wa kawaida wenye mirija minne na feni ya milimita 120 unatosha kwa i5-12400 hata Februari.

Vipoza vya maji sivishauri kwa seva huku. Pampu ikifa usiku wakati hakuna mtu, prosesa inabaki bila msaada ndani ya dakika chache tu. Feni ya kipoza cha hewa ikifa, lile rundo la alumini bado linatoa joto kidogo kidogo, na feni ya nyuma ya keisi inasaidia. Pia maji yanapungua ndani ya mirija ya mpira mwaka hadi mwaka, na huwezi kuyajaza kwa fundi wa kona.

Chumvi ndiyo inayonifanya niangalie rangi ya kipoza. Mapezi ya alumini yakikutana na mirija ya shaba tupu, hewa ya bahari ikileta chumvi na unyevu wa alfajiri, pale vinapogusana panaota unga mweupe. Unga huo unakula alumini na kuachanisha mapezi na mirija. Kipoza kinaonekana kizima, lakini joto halipandi tena kwenye mapezi. Nunua kilichopakwa nikeli kote, mirija na kitako, ambacho shaba yake haionekani. Vile vya bei ya chini ambavyo mirija imesagwa ikagusa prosesa moja kwa moja vinafanya kazi vizuri Dodoma. Kwa nyumba inayotazama ghuba ya Mtwara au ufukwe wa Lindi ningeongeza pesa kidogo.

Feni, na seva inayokwama ikisubiri F1

Muulize muuzaji feni inazungukia nini. Ya bushi ni rahisi, na mafuta yake yanakauka haraka kwenye joto, hasa feni ikilala kifudifudi kama kwenye vipoza vifupi. Ya gololi au ya mafuta yaliyofungwa inadumu zaidi. Plagi iwe ya pini 4, ili mazabodi iweze kuongeza na kupunguza kasi.

Kisha kuna hili, ambalo linawasumbua watu wengi bila kujua linatoka wapi. Umekifunga kipoza kizuri, feni yake kubwa inazunguka polepole bila kelele. Umeme unakatika saa nane usiku, UPS inaisha, umeme unarudi saa kumi. Asubuhi seva haipo kwenye mtandao. Ukiunganisha skrini unakuta maandishi kwamba feni ya prosesa ina hitilafu, bonyeza F1. Feni haina hitilafu yoyote. Mazabodi nyingi zina kiwango cha chini cha mzunguko, kwa mfano 600 kwa dakika, na feni tulivu ikianza na 450 inahesabiwa kuwa imekufa. Mashine inasimama kusubiri mtu abonyeze, na kamera hazirekodi. Ingia BIOS, sehemu ya feni, shusha kiwango hicho hadi 200 au 300. Usikizime kabisa, kwa sababu siku feni ikifa kweli unataka kuambiwa. Hakikisha pia plagi iko kwenye CPU_FAN, si kwenye tundu la feni ya keisi. Halafu washa ile mipangilio inayoiamuru mashine ijiwashe umeme ukirudi.

Bodi za seva za Supermicro zina ugonjwa unaofanana na huo: feni ikishuka chini ya kiwango, bodi inazipandisha feni zote hadi mwisho, inaona zimepona, inazishusha, inashtuka tena. Ukisikia seva inavuma na kunyamaza kila baada ya sekunde chache, ni hicho. Kwenye Linux unashusha viwango kwa amri moja kwa kila feni:

ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300

Kufunga

Kama unang'oa kipoza cha zamani kwenye AM4, washa mashine kwanza ifanye kazi dakika kumi ili pesti ilainike. Zima, chomoa, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja prosesa inatoka nayo, soketi ikiwa bado imefungwa, na miguu yake inapinda. Kwa Intel hofu hiyo haipo kwa sababu fremu ya chuma imeishika.

Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya duka la dawa na kitambaa kisichoacha nyuzi, acha ikauke kabisa. Pesti mpya ni kiasi cha punje moja ya mbaazi, katikati. Kwa LGA 1700, ambayo bati lake ni refu upande mmoja, weka mstari mfupi katikati au nukta tano. Usiipake kwa kidole. Chini ya kitako cha kipoza kipya kuna karatasi ya plastiki inayong'aa: ibandue. Inaonekana ni neno la kitoto, ila karatasi hiyo ndiyo huwa nyuma ya malalamiko mengi kwamba "kipoza hiki ni feki".

Skrubu funga kwa mshazari, mizunguko miwili au mitatu kila moja, ukihama kona hadi kona mpaka zote zigote. Ukimaliza moja kwanza, kipoza kinainama na pesti inakimbilia upande mmoja. Kwa pini za plastiki za Intel, mshale ulio juu ya pini unaonyesha upande wa kufungulia. Kwa hiyo kabla ya kufunga zungusha kila kichwa kinyume na mshale mpaka kikwame, kisha sukuma mbili za mshazari kwa pamoja mpaka usikie mlio, halafu mbili zilizobaki. Geuza mazabodi utazame: ncha nne nyeusi lazima ziwe zimetoka na kutanuka sawasawa. Pini za mtumba ambazo plastiki yake imegeuka njano zinavunjika hapo hapo. Afadhali zivunjike mkononi mwako kuliko baada ya mwezi.

Feni ielekeze hewa kuelekea nyuma ya keisi. Upande wa feni wenye miguu ya kushikilia mota ndio hewa inakotokea.

Kujaribu mchana wa jua

Usijaribu usiku wa Julai kusi ikivuma ukajipongeza. Jaribu saa nane mchana, ubavu wa keisi umefungwa, seva mahali itakapokaa kweli. Weka kipimajoto chumbani. Kwenye Linux weka lm-sensors (ya kusoma joto) na stress-ng (ya kuipa prosesa kazi nzito), kisha endesha:

stress-ng --cpu 0 --timeout 30m

Fungua dirisha jingine uandike joto kila dakika. Kinachosema ukweli ni namna joto linavyopanda. Likiruka hadi 90 na kitu ndani ya sekunde chache tangu uanze, kipoza hakijagusa prosesa vizuri: karatasi ya plastiki imebaki, skrubu moja haijafika, au mabano si ya soketi hiyo. Kungoja hakusaidii, zima ufungue. Likipanda taratibu na kuendelea kupanda dakika ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini, kipoza kimekaa vizuri lakini keisi haitoi hewa ya moto. Fungua ubavu jaribio likiendelea. Likishuka nyuzi nne tano au zaidi ndani ya dakika chache, pesa yako iende kwenye feni ya keisi, usinunue kipoza kingine. Likitulia dakika ya kumi na kubaki hapo, toa joto la chumba kutoka namba hiyo. Tofauti unayopata ndiyo alama ya seva yako, na ndiyo utakayoilinganisha miezi ijayo.

Tofauti hiyo ikiongezeka nyuzi saba au nane, ni vumbi. Pwani vumbi halikai kama unga. Likichanganyika na chumvi na unyevu linakuwa tope kavu linaloziba mapezi. Safisha kila miezi mitatu kwa brashi laini ya rangi na blowa, huku umeshika mapanga ya feni yasizunguke. Usiipeleke mashine kwa fundi pancha akaipulizia kompresa: hewa yake ina maji na mafuta. Wavu wa dirishani ukiuweka mbele ya keisi unazuia mende na mijusi, lakini nao unaziba, kwa hiyo uoshe mara nyingi zaidi kuliko unavyosafisha kipoza.

Unapoagiza kipoza, agiza na feni moja ya akiba ya ukubwa uleule. Nyingi ni milimita 120 kwa 120, unene 25, lakini Assassin na vingine vya bei nafuu vinaishika feni kwa waya, na waya wa feni nene hauingii kwenye feni nyembamba, kwa hiyo taja unene. Kisha kwa peni ya maka andika ndani ya ubavu wa keisi: soketi, kimo ulichopima kwa chelewa, ukubwa wa feni, tarehe uliyoweka pesti, na ile tofauti ya joto ya mchana wa kwanza.